Tovuti ya Mama Sabaha Inauza Viatu

Jumatatu, 9 Juni 2014

Tovuti yetu inauza viatu!

Nimeambiwa na Mama Sabaha kabla hata ya chai. Mgeni mmoja wa Mwanza kampigia simu kuuliza kama Zuleha Lodge bado ni nyumba ya wageni au tumegeuka duka. Kafungua tovuti kutafuta chumba, kakuta viatu vya kike vya visigino virefu, mikopo ya haraka na dawa ya kupunguza tumbo. Hakuna vyumba. Hakuna picha ya geti. Hakuna hata namba ya simu. Hiyo kaipata kwa shemeji yake.

Mama Sabaha kauliza hii ni nini. Nikamjibu kwa utulivu wa kitaalamu kwamba tovuti iko kwenye usafi wa mwaka, na viatu ni vya mafundi. Kaniangalia muda mrefu. Kisha kaenda kukagua maharage.

Niweke mambo sawa, maana siku moja watu watataka kujua nilianzia wapi. Mimi ni Abubakari, mzaliwa wa Kondoa, Meneja wa Mtandao wa Zuleha Lodge, Nyamongo, jirani kabisa na barabara ya mgodini. Nilikuja huku kufuata dhahabu kama wanaume wengine. Shimo langu likatoa maji. Mengi, safi, ya baridi. Wenzangu walioga. Mama Sabaha, mwenye lodge (jina lake ndilo Zuleha, lakini hakuna anayethubutu kulitumia), akanipa kitanda cha stoo na kazi ya mapokezi. Nikamlipa wema kwa kumfungulia tovuti. Lodge ya kwanza mtaani kwetu kuwa na tovuti na barua pepe yake! Wahandisi wa uchorongaji, yaani wa kutoboa miamba, wakawa wanaandika, wanashika vyumba, wanakuja. Mama Sabaha akaninunulia kiti cha ofisi, cha magurudumu.

Sasa kuna tatizo dogo. Siku nilipoisajili domeni, yaani lile jina la tovuti, palikuwa na sehemu ya kujaza jina la mwenye mali. Nilijaza "Mfalme wa Dhahabu". Wakati ule nilikuwa bado naamini maji ya shimo yatakauka na dhahabu itatokea, nilihesabu ni suala la wiki chache tu. Barua pepe ya kupokelea taarifa niliifungua kwa jina hilo hilo, nikaiunganisha na laini ya simu ambayo baadaye ilidumbukia shimoni, na simu yake. Neno la siri nimelisahau. Kwa hiyo kama kulikuwa na maonyo, yameingia kwenye sanduku ambalo sina ufunguo wake. Kosa si langu. Ni la shimo.

Na kwa nini sikuandika jina la Mama Sabaha? Kwa sababu ya Sabaha. Binti yake, anayesimamia jiko na mahesabu, na akicheka hata jenereta linanyamaza. Niliona mtu aliyeshika domeni ya mama hawezi kunyimwa binti. Ni mahari ya kisasa, ila inakwenda kinyumenyume.

Jumanne, 10 Juni

Tarime mjini, kwa pikipiki ya Wangwe. Nimemwambia Mama Sabaha nafuata vipuri vya tovuti. Kakubali. Kaniagiza na vitunguu.

Nimechagua mtaa wa Bomani kwa sababu ukipiga simu Nyamongo unasikilizwa na barabara nzima. Nimejibanza nyuma ya duka la intaneti, nikapiga kwa kampuni ya Dar es Salaam iliyotusajilia jina. Kapokea dada mmoja, Veronika. Sauti ya upole sana. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kuamshwa na baruti.

Kanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa dozi. Jina la tovuti hulinunui likawa lako milele. Unalilipia kwa mwaka, kama leseni. Letu nililipia miaka mitatu ya mwanzo tu, ikaisha mwezi wa nne. Walituma maonyo kabla, wakatuma siku yenyewe, wakatuma na baada. Kulikuwa na muda wa kuhurumiwa, ambapo ungelipa ada ya kawaida na kila kitu kingerudi. Huo umepita. Sasa jina liko kwenye kipindi cha kukomboa, kama kitu kilichowekwa rehani, na vile viatu ni matangazo yanayobandikwa kwenye jina lililoisha muda. Mwenye jina peke yake ndiye anaweza kulirudisha, kwa ada pamoja na faini. Kipindi kikiisha wanalifuta, na hapo ni la yeyote atakayeliwahi.

Nikasema hamna shida, mwenye jina ni mimi. Kauliza jina kamili. Nikavuta pumzi.

"Mfalme wa Dhahabu."

Nikasikia feni ya ofisini kwao.

Kasema ndiyo, hata kwake limeandikwa hivyo. Basi nitume kitambulisho chenye jina hilo, au niingie kwenye ile barua pepe nithibitishe kwamba ni mimi. Kama vyote sina, ipo njia ya tatu: mwenye lodge atume leseni ya biashara na barua aliyoisaini, maana jina la tovuti ndilo jina la biashara yake. Rahisi tu, kasema. Mwambie bosi wako.

Mwambie bosi wako! Huyu dada hajamwona Mama Sabaha akimtoa fundi bomba nje ya geti.

Njiani nikapata wazo kubwa. Acha wafute! Jina likianguka, naliokota kwa ada ya kawaida. Hakuna faini, hakuna kitambulisho, hakuna Mama Sabaha. Watu wanalipia kukomboa kitu ambacho kesho kutwa kitakuwa kimelala barabarani! Nikamweleza Wangwe kwa kupiga kelele, kwa sababu ya upepo. Wangwe ni Mkurya wa hapa hapa, haongei sana akiendesha. Kafikiri mpaka tukavuka daraja.

"Mura," kasema, "na mwingine akiliwahi?"

Nikamuuliza ni nani mwenye akili timamu atataka jina la lodge ya watu. Kaongeza mwendo.

Nimesahau vitunguu.

Jumatano, 11 Juni

Jibu la swali la Wangwe limekuja lenyewe. Limeegemea ukuta wetu, linapiga mswaki.

Hamidu. Meneja wa lodge ya ng'ambo ya barabara. Mtu wa Mugumu, mrefu, shati lake limepigwa pasi hata siku ambayo umeme haupo. Sabaha akitoka kununua mkaa, Hamidu naye anakumbuka mkaa. Leo kanisalimia, kisha kasema kwa uso wa huruma kwamba ameona tovuti yetu, muda wake umeisha, ya kwao iliwahi kufanya hivyo hivyo, nilipie haraka kabla haijafutwa. Kaongeza kwamba aliniambia tangu mwezi uliopita.

Kweli aliniambia. Nilijua ni mtego.

Anajua! Analivizia jina! Lazima apotoshwe. Nikacheka cheko refu, nikamwambia lile jina tumelitupa wenyewe. Halina kazi tena. Zuleha Lodge ya zamani inakwisha, kinakuja kitu kikubwa, chenye bustani na mwenye mali mpya. Hilo la mwenye mali mpya sikulipanga. Lilinitoka kwa utamu wa maneno.

Hamidu kaacha kupiga mswaki.

Hata supu haijaisha, muuza nyama kauliza kama ni kweli Mama Sabaha anauza lodge. Akafuata muuza mkaa. Akafuata shehe, akitaka kujua kama mwenye mali mpya atakuwa Mwislamu. Mchana ikasimama gari yenye namba za Kenya, akashuka mtu mnene kutoka Sirari, ana futi ya kupimia. Kaanza kupima korido.

"Madam," kamwambia Mama Sabaha, "nimeskia hii place inauzwa. Ni ukweli ama ni story za watu?"

Mama Sabaha alikuwa na mwiko wa ugali mkononi. Sitaandika zaidi. Mkenya kafika kwenye gari yake kwa kasi ambayo umri wake haukuonyesha. Futi imebaki. Ni nzuri, ya chuma. Nimeihifadhi.

Kisha Mama Sabaha kasimama katikati ya uwanja na kuuliza nani anauza nyumba yake. Nikasema watu wa Nyamongo wana midomo. Nikatazama kidogo upande wa Hamidu. Sikutaja jina. Mimi si mchongezi.

Alhamisi, 12 Juni

Kusubiri jina lianguke kumeshakuwa hatari, Hamidu yuko macho. Mpango mpya. Veronika anataka kitambulisho cha Mfalme wa Dhahabu? Atapata.

Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji, Mzee Joram. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba barua ya utambulisho inayoonyesha kwamba mimi Abubakari ninajulikana pia kwa jina la Mfalme wa Dhahabu. Kavua miwani. Kauliza ninajulikana hivyo na nani. Nikasema na wengi.

Sikutegemea kama angehakikisha. Nje ya ofisi walikaa watu wa kutosha, wanasubiri kesi ya mbuzi. Mzee Joram kafungua dirisha.

"Huyu mnamfahamu?"

Wakasema wanamfahamu.

"Mnamwitaje?"

"Baka Maji!" Wote. Kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi. Hata mshtakiwa. Mama mmoja akaeleza kwa moyo mwema kabisa kwamba maji ya shimo langu ndiyo yaliyomfulia mwanawe nguo za kipaimara.

Mzee Joram ni mtu wa haki. Kaandika alichosikia. Barua ina mhuri, ina saini, inathibitisha kwa yeyote anayehusika kwamba Abubakari wa Zuleha Lodge anajulikana kijijini pia kwa jina la Baka Maji, na ni raia mwema. Hilo la mwisho nilimwomba mimi.

Nimeipiga picha nikaituma Dar. Mhuri ni mhuri. Pengine hawasomi.

Wanasoma. Veronika kapiga jioni. Kasema Baka Maji na Mfalme wa Dhahabu hayafanani. Nikamwambia maji na dhahabu vyote vinatoka ardhini. Kauliza, kwa ile sauti yake, kama ninakula vizuri. Kanikumbusha kwamba muda unakwenda. Kanikumbusha tena njia ya tatu.

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Ina sehemu mbili na zote ni mbaya.

Kila mwaka mwezi huu wanakuja watu wa Mhandisi Method. Wachorongaji, Method mwenyewe ni Mhaya mpole anayependa kachumbari, na wanajaza lodge mpaka wengine wanalala chumba cha maombi. Huwa wanaandika barua pepe wiki kadhaa kabla. Mwaka huu hawakuandika, ila Mama Sabaha hakuwa na wasiwasi, miezi haibadiliki. Tangu alfajiri yeye na Sabaha wapo jikoni. Pilau ya sufuria kubwa. Mashuka mapya. Mama kapaka hata hina.

Magari yametokea kabla ya adhuhuri. Matatu, meupe, yale yale. Mama Sabaha kafungua geti mwenyewe, pande zote mbili.

Yakapita. Yakakata kulia. Yakaingia kwa Hamidu.

Method kashuka, katuona, kavuka barabara kuja kusalimia. Mtu mstaarabu. Kasema pole sana mama, tuliwaandikia mara nyingi, kila barua ikarudi inasema anwani haipo. Tovuti tukaona viatu. Tukafikiri mmefunga. Hata mmoja wetu akasema labda mama amefariki.

Mama Sabaha kasema hapana, yupo. Kawakaribisha pilau hata hivyo. Kisha karudi ndani ya geti, kakaa juu ya kreti ya soda, mikono mapajani, hina yake juu. Hakupiga kelele. Nimekaa na yule mama miaka minne na sijawahi kumwona amekaa mchana.

Nilimsogelea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa namwambia kabisa, naapa. Akainua macho akasema, "Baka, mwanangu, walifikiri nimekufa." Aliponiita mwanangu, maneno yakarudi tumboni.

Nikaenda stoo. Nikafikiri. Suluhisho: wachorongaji watoke kwa Hamidu leo leo.

Nikachukua ubao, rangi nyekundu, nikaandika LODGE HII INA KUNGUNI na mshale mkubwa. Nikasubiri wanaume wote waende swala ya Ijumaa, Hamidu akiwa safu ya mbele kama kawaida yake. Nikaufunga kwa waya kwenye mti wa njia panda, mshale ukielekea kwake. Waya mmoja tu, wa pili ulikuwa mfupi. Swala yenyewe niliisali moyoni.

Sehemu ya pili. Ng'ombe walipita kutoka mtoni. Ng'ombe mmoja, dume, mwenye nundu, akaona mti, akakumbuka kwamba anawashwa. Akajikuna taratibu, kwa raha, upande mmoja kisha mwingine. Ubao ukazunguka.

Watu walipotoka msikitini waliukuta mshale unaelekea getini kwetu.

Mgeni wetu pekee, mzee muuza vitenge, katoka na begi lake anajikuna shingo. Chumba chake nilikipulizia dawa mwenyewe juzi. Hakina hata sisimizi. Lakini kajikuna mpaka barabarani.

Hamidu ndiye aliyeung'oa ule ubao. Kauleta kwetu, kamwambia Mama Sabaha kwamba hajui ni nani mwenye roho hiyo, lakini asijali, yeye mwenyewe atawaambia watu ni uongo. Rangi nyekundu nilikuwa nayo mpaka kwenye kiwiko. Nimekaa na mikono mfukoni mpaka kulala. Chai nimekunywa kwa mrija.

Jumamosi, 14 Juni

Yameisha. Nimeisha.

Simu ya mapokezi imeita nikiwa chooni. Kapokea Sabaha. Namba ya lodge niliijaza mwenyewe kwenye usajili, kwa ajili ya heshima, nikasahau. Alikuwa Veronika. Kawa na wasiwasi, kasema Sabaha baadaye: muda wa kukomboa unakaribia kwisha na mteja wao anaonekana hayuko sawa.

Nikatoka. Sabaha amesimama kaunta, mkono kiunoni.

"Kaka Baka. Mfalme wa Dhahabu ni nani?"

Nikasema pengine mgeni. Kauliza chumba namba ngapi.

Akaniambia kila kitu mimi mwenyewe nilichokifanya, kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyokifanya. Domeni kuisha muda. Maonyo. Bomani. Barua ya Mzee Joram. Ubao alikuwa ameshaujua, alitambua herufi zangu, natengeneza N kinyume. Mama Sabaha alikuwa mlangoni. Sijui alifika lini.

Nikajitetea. Nikasema kuhusu shimo, kuhusu laini, kuhusu wiki chache. Nikasema nilitaka kumkinga na presha. Nikaona haitoshi, nikatoa na la moyoni: kwamba yote hii ni kwa sababu nilikuwa na nia na Sabaha, nia njema, na domeni ilikuwa kama dhamana.

Jenereta lenyewe likanyamaza. Mafuta yalikuwa yameisha.

Sabaha kasema mwezi wa tisa anakwenda Mwanza chuo cha hoteli. Siolewi na wewe, kasema, siolewi na Hamidu. Hamidu aliniuliza, nikamjibu, tukaendelea kununua mkaa. Wewe hukuniuliza. Ulikwenda kuandikisha jina Dar es Salaam.

Nilisubiri Mama Sabaha aongee. Kaongea kidogo sana. Kauliza yule dada wa Dar anataka nini hasa. Sabaha kamwambia: leseni, na barua yako. Kauliza hayo tu? Sabaha kasema hayo tu, na faini.

Katoa leseni ukutani, na fremu yake. Kavaa baibui la safari. Kaita Wangwe. Barua kaiandika Sabaha, mama kaisaini. Mimi nikaandika ya kwangu, kwa mkono uliokuwa bado mwekundu, kwamba Mfalme wa Dhahabu nilikuwa mimi, kwamba si jina langu, na kwamba namkabidhi mwenye lodge jina lake. Nikaambatanisha kadi ya mpigakura. Mama na binti walikwenda Bomani wakatuma, wakalipa, wakarudi. Hawakukaa hata robo ya muda niliotumia mimi kujibanza nyuma ya duka.

Wamerudi na vitunguu.

Mama Sabaha kashuka kwenye pikipiki, kanipa fremu niirudishe ukutani. Nikamwomba radhi. Kasema, "Ungeniambia Jumatatu, Baka, ningekugombeza mpaka jioni, na Ijumaa Method angekuwa hapa." Kisha kaenda kupika.

Nimeirudisha fremu. Ilikaa upande. Nimeinyoosha mara nyingi sana.

Jumatatu, 16 Juni

Viatu vimeondoka! Picha ya geti imerudi, na mimi kwenye picha, nimeegemea, kabla sijanenepa. Barua pepe zimeanza kuingia, mojawapo kutoka kwa yule mgeni wa Mwanza, anauliza kama viatu bado vipo, mke wake alivipenda.

Mhandisi Method kavuka barabara na nusu ya watu wake. Kwa Hamidu walikuwa wamebanana, wengine wanalala kwenye magari, na Hamidu mwenyewe kawaambia waje kwetu, vyumba vyetu ni vikubwa na habari ya kunguni ni uzushi. Nimefikiri sana kwa nini kafanya hivyo. Nimegundua: ananiogopa.

Sabaha ameweka utaratibu. Domeni sasa ina jina la mama yake, jina la kwenye kitambulisho. Taarifa zinakwenda kwenye barua pepe mbili tofauti, yake na ya mama, na wala si ile ya tovuti yenyewe, maana tovuti ikizima nayo inazima. Simu mbili. Neno la siri liko kwenye kisanduku cha chuma pamoja na hati ya kiwanja. Wamelipia miaka mitano mbele, na tarehe ya kuisha ameiandika kwa kalamu nene kwenye ukuta wa jikoni, juu ya jiko, mahali ambapo kila anayepika lazima aione. Nikasema ukuta wa jikoni si teknolojia. Kaniangalia kama mama yake.

Kiti cha magurudumu kakichukua yeye. Mimi nimehamishiwa mashuka. Kufua, kuanika, kukunja. Mama Sabaha kasema atakayenifukuza ni yeye, na bado hajaamua, na nile kwanza.

Jumatano, 18 Juni

Kukunja mashuka kunampa mtu nafasi ya kufikiri. Wakubwa wote wangepewa mashuka.

Nimeelewa sasa kosa lilikuwa wapi. Nilikuwa na domeni moja! Mtu mwenye shimo moja anaangamia na shimo lake. Mwenye mashimo mengi, moja likitoa maji, mengine yapo. Nimepita Nyamongo nzima leo mchana na shuka begani nikisoma vibao. Duka la baruti. Kinyozi. Fundi wa mota za kusagia mawe. Gereji. Duka la vinywaji baridi. Hakuna hata mmoja mwenye jina mtandaoni! Nitayasajili yote kabla yao. Siku wakiamka, watanikuta nimekaa mlangoni na ufunguo.

Nimeanza na kinyozi, jina lake zuri na fupi. Nimejaza kila kitu kwa umakini. Mwenye mali nimeandika Sultani wa Majina, ili wasinijue mapema wakaniwahi. Barua pepe nimefungua mpya kabisa. Neno la siri ni gumu sana, hakuna mwizi atakayelipata. Sijaliandika popote, kuandika ndiko kunakowaponza watu.

Namba ya simu sikuweka yangu, maana Sabaha ana tabia ya kupokea. Nimeweka ya Konstantino, mchimbaji tuliyekuwa naye shimoni, mtu mwaminifu. Anaondoka kesho alfajiri kwenda Geita, wamesikia kuna mwamba mpya, ila kaahidi simu yake haitazimwa hata akiwa chini.

Kampuni wameniandikia papo hapo. Wanataka nifungue barua yao nibonyeze mahali kuthibitisha kwamba Sultani ni mimi, vinginevyo watalifunga jina. Wametoa karibu wiki mbili.

Wiki mbili nzima! Nina mashuka ya wachorongaji kwenye kamba na mawingu yanakuja. Nitabonyeza nikipata nafasi.